Crisanto Lagasca, Aliyewaita Watu Wote Wanangu

Mheshimiwa Padri, viongozi wa chama, wageni mliotoka Manila na kamera zenu, ndugu, majirani na wana San Roque wote mliojaa humu kanisani hadi uani, mimi naitwa Purificacion Lagasca, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake kabla hatujampeleka makaburini. Historia iliyochapwa na ofisi ya kampeni, yenye picha yake ya rangi juu na nambari yake ya kura chini, niliipokea jana kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, na asubuhi hii nimeifunikia sufuria ya wali, kwa hiyo mtakayoyasikia ni yale ninayoyajua mimi mwenyewe, na wewe Padri, ukiona napandisha sauti, unikoholee.

Marehemu Crisanto, ambaye nyumbani tulimwita Santing, alizaliwa hapa San Roque, kando ya Ghuba ya Ragay, tarehe 25 Oktoba 1955, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Baba Hilarion, mkausha mbata, na marehemu Mama Basilia, aliyeuza mikate ya mchele mbele ya mlango wa kanisa hili hili. Ndugu yetu wa katikati alifariki akiwa mchanga, hivyo tukabaki wawili, mimi wa kufokewa na yeye wa kubebwa, na mgongo wangu huu mnaouona umepinda ulianza kupindishwa na yeye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza mwaka 1968, akaingia sekondari na kuiacha mwaka 1970 akiwa kidato cha pili, si kwa kukosa akili, maana akili alikuwa nayo ya kumtosha yeye na jirani, bali kwa sababu hakuona faida ya kukaa mahali ambapo watu hawampigii makofi. Kipaji chake kilionekana wakati wa Kwaresima ya mwaka 1969, kwenye mchezo wa mateso ya Bwana unaochezwa hapa uwanjani, alipopewa nafasi ya askari wa Kirumi asiye na neno hata moja la kusema, akajiongezea maneno yake, akaanguka mbele ya kaburi kwa mbwembwe kiasi kwamba watu walimshangilia yeye kuliko Bwana aliyefufuka, na padri wa wakati ule akamfukuza jukwaani kwa fimbo.

Baada ya shule alifanya kazi ya kupakia mbata kwenye malori pamoja na rafiki yake Isidro Panganiban, ambaye yuko hapa, safu ya tatu, kofia mapajani. Tarehe 17 Februari 1979, ndani ya kanisa hili, mbele ya altare hii, Santing alifunga ndoa na Erlinda Obias, msichana wa kutoka Sipocot, msimamizi wa bwana harusi akiwa Isidro huyo huyo, na nguruwe aliyechinjwa alitosha mitaa miwili, na nyinyi mliomla, wale mliobaki na meno na wale mliobaki na fizi, mmo humu ndani na mnaniangalia. Tarehe 6 Januari 1980 walijaliwa mtoto wa kike, Teodora, tunayemwita Doray, akabatizwa hapa kwa jina la baba yake. Miaka ile Erlinda alizoea kutoa kichwa dirishani na kumwita mumewe kutoka barabarani, "Baba Doray! Baba Doray, wali unapoa!" mpaka vijana wa malori wakawa nao wanamwita hivyo kwa kumtania, naye anacheka na kuja mbio, jasho na mafuta ya nazi mwili mzima. Kama historia hii ingeishia hapo, ningeisoma nikitabasamu.

Mwaka 1982 alipeleka shehena ya mbata bandarini Manila, akateleza juu ya lori na kuanguka kutoka kwenye magunia, akainuka akicheka bila mkwaruzo, na mtu mmoja wa filamu aliyekuwa amesimama pale akamuuliza kama anaweza kuanguka tena. Ndivyo alivyoingia kwenye kazi ya kupigwa na kuanguka kwa niaba ya waigizaji wakubwa, na nyumbani alitufundisha siri yake, kwamba mwangukaji hodari hutanguliza bega, kisha kiganja, kichwa kikawa cha mwisho, na Doray akiwa na miaka mitatu alikuwa anajiangusha sebuleni kama baba yake, bega kwanza, huku Erlinda amefumba macho. Mwaka 1984 akapewa nafasi ya kuongoza, na tangu hapo akaigiza filamu zaidi ya arobaini, karibu zote yeye ni maskini anayewapiga matajiri, na nchi nzima ikamwamini.

Matajiri aliowapiga kwenye filamu ndio waliomwandikia mkataba. Walimwambia kwamba shujaa hana mke, kwa sababu wasichana wanaolipa kiingilio wanataka kumwota, na yeye akarudi nyumbani, akaketi jikoni, akamshika Erlinda mikono, akamwambia, "Ni miaka mitatu tu, mpenzi, tukishajenga nyumba nitakutangaza mwenyewe kwa kipaza sauti." Erlinda alikubali, na siku ile ile akakatazwa kuita dirishani.

Mwaka 1986 mwandishi mmoja alifika mpaka hapa, akapiga picha ya Erlinda akianika nguo na Doray akiwa ameshika sketi yake, na Jumapili iliyofuata Santing akaulizwa kwenye televisheni mwanamke yule ni nani. Mji mzima tulikuwa tumejazana kwenye duka la Aling Sabel, kwa sababu televisheni ilikuwa moja, mimi nikiwa na upawa mkononi maana nilitoka jikoni mbio, na tukamsikia ndugu yangu akicheka kile kicheko chake cha filamu na kusema, "Yule? Yule ni dada wa kazi wa dada yangu, na mtoto ni wa dada yangu, ni mpwa wangu huyo. Maskini dada yangu aliteleza kidogo, tusimhukumu." Aling Sabel, Mungu amrehemu, ndiye aliyezima televisheni, akaniambia, "Puring, upawa wako unadondosha mchuzi," na hilo ndilo neno pekee nililoambiwa na mji huu kuhusu jambo lile kwa miaka thelathini na tisa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya masista, kazi niliyoianza mwaka 1972, na mkuu mpya wa shule, aliyetoka mbali na hakuwahi kula nguruwe wa harusi, aliniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba mwalimu mwenye mtoto bila mume hawezi kufundisha watoto katekisimu. Nilisubiri mtu mmoja aende kumwambia. Mmoja tu. Isidro, msimamizi wa ndoa, hakwenda, kwa sababu Santing alikuwa ndiye baba wa ubatizo wa mwanawe na alikuwa amemwahidi kijana kazi, na wengine hamkwenda kwa sababu kama hizo hizo, nami niliondoka shuleni bila hata kuagwa na watoto. Sijaolewa mpaka leo, na wala msiniulize kwa nini, kwa sababu mtu aliyekuwa anataka kunioa, wa mji wa mbali, naye alikuwa na televisheni.

Basi tukaishi hivyo katika nyumba moja, mimi mama wa mtoto nisiyemzaa, Erlinda dada wa kazi wa mtoto aliyemzaa, na Doray akifundishwa kuniita mama mbele za watu na shangazi tukifunga mlango, na kumwita mama yake mzazi Dada Linda akifika mgeni. Baba yake mzazi, Doray alimwita mjomba. Miaka mitatu ya mkataba ilipokwisha ukaja mkataba mwingine, na filamu zilipopungua ikaja siasa, na kila Erlinda alipouliza alijibiwa kwamba ni baada ya uchaguzi, na katika nchi yetu, mnajua wenyewe, daima kuna uchaguzi.

Mwaka 1998 alichaguliwa kuwa meya wa San Roque, na mwaka 2007 kuwa mbunge wetu. Sitamnyima haki yake: hakukosa ubatizo, hakukosa harusi, hakukosa msiba, na kila jeneza lililolala katika mji huu lilipata shada lenye utepe wa jina lake, naye mwenyewe akaja, akapita safu ya wafiwa akishika mikono, na nyuma yake wakili wake, Nestor Sebial, akimnong'oneza majina ili aonekane anamjua kila mtu. Jukwaani aliwaita "wanangu", wazee kwa vijana, na nyinyi mlilia kwa furaha kupata baba.

Erlinda alifariki tarehe 14 Agosti 2004, kwa saratani ya titi aliyoificha kama alivyozoea kufichwa yeye. Shada la Santing lilifika kabla yake, lenye utepe ule ule wa mashada yote, na alipokuja, alipita safu kama kawaida, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumsikia Sebial akimnong'oneza, "Marehemu anaitwa Erlinda," naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeshukuru kukumbushwa. Kisha akafika kwa Doray, binti yake wa damu, aliyekuwa na pini nyeusi ya mfiwa kifuani, akamshika mkono akamwambia, "Pole sana, mjomba yupo." Doray alimjibu, "Asante, Mheshimiwa." Nilimpenda ndugu yangu, nilimbeba mgongoni, lakini siku ile ningekuwa na upawa wangu mkononi, leo tungekuwa tunasoma historia fupi zaidi.

Mwaka 2006 kimbunga kilipong'oa paa zetu, mchele wa msaada ulifika mapema kabisa ukawekwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, na sisi tukiwa na njaa tukasikia harufu yake kupitia kuta, lakini haukugawiwa, kwa sababu stika zenye uso wake zilikuwa bado njiani kutoka Lucena. Sebial alisimama mlangoni akawaambia kina mama, "Kuweni na subira, Mheshimiwa anataka mjue mnakula kwa nani." Wakati huo Doray alikuwa tayari na tanuri lake la mikate pale kona ya soko, na alioka mpaka unga wa mwisho, akagawa bila kumuuliza mtu kadi ya chama, na hakuna mkate wake hata mmoja uliokuwa na picha yake.

Mwaka 2016 aliitwa mahakamani kuhusu gati la wavuvi, lile ambalo lipo kwenye ripoti na halipo baharini, naye akafika kwenye kiti cha magurudumu, kola ya hospitali shingoni, dripu mkononi, akiongea kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, hakimu akaahirisha kesi, na siku chache baadaye, kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu San Roque, mkamwona akicheza ngoma juu ya gari la maua mpaka kofia ikaanguka. Mlicheka, mkasema huyu bwana ni noma, mkampa kura nyingi kuliko mwanzo. Kesi ile iliahirishwa mara nyingi hata ikafa kabla yake.

Ndiyo maana figo zilipomkamata kweli, mwaka 2023, hakupata mtu wa kumwamini. Alikuwa anapelekwa kusafishwa damu, na sokoni watu wanasema Mheshimiwa ameanza filamu mpya, na mimi dada yake nilisema hivyo pia. Tarehe 29 Machi mwaka huu, kwenye mkutano wa kampeni pale uwanjani, alikatisha neno katikati na kuanguka, nanyi mkapiga makofi. Mlipiga makofi, kamera zinaonyesha. Mtu mmoja tu katika uwanja ule alitupa kikapu cha mikate akapanda jukwaani mbio, naye ni Doray, na nilipomuuliza baadaye alijuaje, aliniambia, "Shangazi, alianguka kwa kichwa. Mjomba haangukagi kwa kichwa."

Doray alifunga tanuri lake akamfuata hospitalini Manila, akamwachia mumewe Ruben mtoto wao wa pekee, Ninay, mwenye miaka minne, akamlisha baba yake uji, akambadilisha nguo, akamsugua miguu iliyovimba. Siku moja, nami nikiwa nimekaa pale dirishani, Santing alifumbua macho akasema, "Nipe maji, mwanangu." Kikombe kilisimama hewani. Doray akamuuliza, "Umeniitaje?" Nilimwona ndugu yangu akimtazama usoni, nikaona midomo yake ikijiandaa kusema jambo, na wakati huo huo Sebial akaingia na mpiga picha, basi Santing akageuza uso ukutani akasema, "Si nawaita wote hivyo." Doray akamnywesha maji. Marehemu alifariki tarehe 24 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, na neno hilo halikurudi tena mdomoni mwake.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, nimekaribia mwisho. Uchaguzi ni wiki ijayo, karatasi za kura zimeshachapwa na jina la Lagasca limo, na kwa sheria zetu mgombea akifa wakati huu, anayeweza kusimama mahali pake ni mtu wa jina lile lile la ukoo. Siku ya tatu ya mkesha Wakili Sebial alikuja jikoni kwangu, Doray akiwa anakanda unga wa mikate ya waombolezaji, akasema, "Dada Puring, mambo ni mepesi, Doray ana jina."

Nikamuuliza, "Analo kwa baba au kwa mama?"

"Vyovyote vile! Awe binti, awe mpwa, sheria haiulizi. Ila binti anatoa watu machozi zaidi."

Kisha akaeleza mpango wake bila hata kupunguza sauti. Mnajua desturi yetu, kwamba kabla jeneza halijatoka, wajukuu wa marehemu huvushwa juu yake kutoka mkono hadi mkono, ili roho ya babu iridhike na isiwasumbue, na kwamba wanaovushwa ni wa damu yake tu. "Akikubali kusimama," alisema Sebial, "historia itamtaja kuwa binti, na mtoto wake tutamvusha mbele ya kamera, nchi nzima ione. Asipokubali, abaki mpwa kama alivyozoea, na mtoto wa mpwa havushwi."

Doray hakuacha kukanda. Alisema, "Wakili, chukua mkate wa moto, utakula njiani." Alipoondoka nikamwambia ukweli wangu, kwamba nilitamani akubali, maana nilitaka kwa miaka yote hii nisikie hata mara moja jina lake likitajwa mbele ya mji huu, hata kama ni kwa hila. Akanifuta unga shavuni, akaniambia, "Shangazi, kiti sikitaki, kimetula sote watatu. Ila Ninay ananiuliza yule babu aliyebandikwa kwenye nguzo zote ni nani, na kwa nini anamchekea. Nimjibu nini?"

Basi marehemu ameacha mtoto mmoja, Teodora Lagasca, binti halali wa ndoa ya kanisa hili, aliyezaliwa na Erlinda Obias, mke wake wa pekee, na ameacha mjukuu mmoja, Ninay. Teodora hatasimama kwenye uchaguzi. Wakili, usinyanyuke, bado sijashukuru.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kujali kama anaigiza, tunawashukuru majirani waliopika, na waliocheza karata uani kwetu ili marehemu asilale peke yake, na wafanyakazi wenzake wa filamu, hasa wale waangukaji wazee waliokuja kwa basi na hawakuomba kukaa mbele. Chama pia tunakishukuru kwa mashada, nayo kwa wingi wake yameziba mlango wa pembeni, hivyo mtatokea mlango mkubwa, na mnafahamu kwamba kwetu mfiwa hamsindikizi mgeni.

Wabebaji, msishike jeneza kwanza. Zimeni kamera hizo, au msizime, kwangu ni mamoja. Doray, njoo na mtoto, simama upande huu. Isidro Panganiban, nyanyuka, weka kofia chini, wewe uliyesimamia ndoa ile simama upande wa pili unyooshe mikono, na usitetemeke, mtoto ni mwepesi. Usiogope, Ninay, ni babu yako, baba wa mama yako, huyo wa kwenye nguzo. Mpokee, Isidro. Mshike vizuri. Hivyo hivyo.

Amepita, Santing, na mji mzima umeona. Lala salama, Baba Doray.